Pindo la Vidole Vinne

Mke wangu ni fundi cherehani. Anashona sare za shule, nami ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Morogoro, kwa hiyo kwa miaka mingi kazi ya mikono yake nimekuwa nikiikuta kazini kwangu. Nikiwa wa zamu, nikipita mbele ya mstari asubuhi kukagua kucha na kola, naziona sketi za bluu na kaptula ambazo majuma machache nyuma zilikuwa juu ya meza yetu, hazijatiwa hata vifungo. Naujua mkono wake hata kama nguo imefuliwa mpaka imepauka. Pembe za mfuko huzipigia mshono mara mbili, kisha anarudi tena kwa ulalo, kwa sababu mfuko wa mtoto hubeba gololi, mawe, embe bichi na kila kitu kingine ambacho mfuko haukukusudiwa.

Mwaka huu natimiza miaka 60, na mtumishi wa umma akifika hapo hustaafu. Wenzangu wanazungumzia mafao na shamba. Mimi linalonijia zaidi ni kwamba sitaziona tena zile nguo zikiwa zimevaliwa, zikikimbia, zikichafuka, zikikua pamoja na watoto. Basi kabla sijaondoka nataka kuandika niliyoyajua juu ya mke wangu kwa kumtazama tu, bila kumwambia kwamba namtazama. Ni tabia iliyonijia taratibu, na imenifaa kuliko mawaidha mengi niliyopewa siku ya harusi. Wengi wetu wanaume tulilelewa tuonyeshe mapenzi kwa gunia la mchele na kanga ya sikukuu. Hayo ni mema, sina neno nayo. Ila mke ni mtu unayekaa naye kila siku, na siku nyingi hazina sikukuu.

Namwita Mama Rehema, naye huniita Mwalimu mbele za watu na Baba Rehema tukiwa wenyewe. Tulioana mwishoni mwa 1997, mvua za El Niño zikimwagika bila kupumzika. Kwao ni Mgeta, juu kule milimani Uluguru kwenye matuta ya kabichi na karoti, na barabara ya kupanda huko mwaka ule ilikuwa matope matupu. Mimi nimetoka Kondoa. Kwa Waluguru ukoo unafuata upande wa mama na mjomba ana sauti kubwa, kwa hiyo maswali yote niliulizwa na wajomba, huku baba yake akinisikiliza kwa upole. Mama yake alimpa cherehani, Singer ya kukanyaga. Tuliishusha mlimani vipande vipande, kichwa chake kimeviringishwa turubai, mjomba wake mdogo amekibeba kifuani na hakukubali kupokewa mpaka tulipofika barabarani.

Wakati wa kuagana mama mkwe alinivuta pembeni akaniambia, "Mkwe, huyu akinyamaza usihangaike. Cherehani ikinyamaza ndiyo umuulize." Nitarudi kwenye neno hilo. Nianze kwanza na pindo.

Fundi anayetafuta faida huokoa kitambaa. Sketi ya mtoto wa darasa la kwanza wengi huikunja pindo la vidole viwili, wengine kimoja, na kile kinachookolewa kwenye jora kinatoa sketi nyingine ya kuuza. Mama Rehema hukunja vidole vinne. Nilimwona akikunja hivyo tangu tukiwa vijana na sikuwahi kuuliza, maana kila fundi ana mkono wake. Kisha mwaka mmoja, mwezi wa saba, tumefungua shule baada ya likizo, nikaona mstarini mtoto wa kike mwenye sketi yenye utepe wa bluu iliyokolea kwa chini, wakati sehemu nyingine yote imepauka kwa jua na sabuni. Pindo lilikuwa limekunjuliwa. Yule mtoto alikuwa amerefuka ghafla kama wanavyorefuka, lakini sketi bado ilimfika chini ya magoti inavyotakiwa. Nikautazama mstari mzima. Nikauona ule utepe kwa mwingine, na kwa mwingine tena. Nyingine zilikuwa na tepe mbili, moja imekolea na moja imekolea zaidi, kwa sababu pindo lilikunjuliwa kidogo mwaka wa kwanza na kumaliziwa mwaka uliofuata.

Anayefundisha shule ya msingi ataelewa kwa nini nilisimama pale nikasahau kupiga kengele. Serikali ilipoanza kutekeleza mpango wa elimu bila ada Januari 2016, michango ya lazima ilifutwa na watoto wakafurika darasa la kwanza, wengine wamekuja na wadogo zao. Sare ilibaki kuwa ya mzazi. Kwa mama anayeuza ndizi pale Msamvu, Januari ni sketi, shati, viatu na sweta kwa mkupuo mmoja, na kama ana watoto watatu, ni mara tatu. Pindo la vidole vinne ni sketi ya mwakani imefichwa ndani ya sketi ya mwaka huu. Mke wangu alikuwa akiwaambia kina mama, "Mwezi wa saba mlete nimkunjulie," na hakuna aliyenisimulia, kwa sababu hakuna aliyeona kuna la kusimulia.

Nilimuuliza mara moja kama anawatoza kwa kukunjua. Akaendelea kukanyaga, akasema, "Pindo walishalilipia Januari."

Kaptula nazo zina habari yake. Ya mvulana huanza kuchanika makalioni, kwa sababu ya kukaa sakafuni, kuteleza kwenye ukingo, na ile misumari ya madawati ambayo hata ukiigongea leo kesho inachomoza. Yeye huweka kipande cha pili kwa ndani, kilichokatwa kwenye mabaki, kimeshonwa kwa mduara ili kisimkwaruze mtoto. Kwa nje huoni chochote. Ukipitisha kiganja ndipo unahisi unene. Kipande hicho hakimo kwenye bei.

Watu wengine wangerudi nyumbani siku ile na kumsifu kwa maneno mengi. Mimi namjua: ukimsifu kwa kitu anachokifanya kimya, anaona umemvua nguo hadharani. Nikatafuta njia nyingine, na njia niliyoipata ni kumletea habari za nguo zake. Fundi hana bahati ya mwalimu. Mwalimu humwona mwanafunzi wake akikua, lakini fundi akishakabidhi nguo imeondoka, hajui ilifika wapi. Kwa hiyo jioni nikivua viatu, namwambia, "Leo wavulana walicheza mpira, mmoja kaburuzwa chini uwanja mzima."

"Kaptula?"

"Nzima."

"Makalioni?"

"Hata uzi."

Hapo hutikisa kichwa kidogo, anapanga kitambaa chini ya sindano, anaendelea. Tumefanya hivyo mwaka baada ya mwaka. Nikichelewa kumpa habari ataniuliza mwenyewe kwa njia ya mbali: "Huko shuleni, watoto hawajambo?" Najua haulizi afya zao.

Sasa neno la mama mkwe. Katika nyumba yetu sauti ya cherehani ni kama mapigo ya moyo, huisikii mpaka isimame. Nilijifunza kuisikiliza nikiwa chumbani, nikiwa uani, nikiwa nanyoa ndevu. Akiwa na mshono mrefu wa ubavuni inakwenda moja kwa moja. Kwenye kola inakwenda na kusita. Akichoka, anakanyaga haraka halafu anaacha ghafla, na hapo huwa naingia na maji ya kunywa, naketi, naanza mazungumzo ya kitu chochote, bei ya nyanya, mwalimu mkuu, mawingu yaliyofunika mlima. Simwambii apumzike. Ukimwambia apumzike atasema hajachoka. Ukimwekea maji mkononi na kumuuliza swali, atapumzika mwenyewe wakati anajibu.

Siku ilipokuja habari ya msiba wa mama yake alikuwa katikati ya mshono. Alisikiliza simu, akarudi akaumalizia ule mshono mpaka mwisho, akakata uzi, akaifunika cherehani kwa kitambaa chake cheupe. Haikulia tena mpaka arobaini ilipopita. Zilikuwa siku za kuelekea Idi, na nguo za watu zilikuwa zimejaa kwenye kikapu. Nilizichukua zile ambazo hazijakatwa, nikampelekea fundi mwingine wa mtaa wa pili pamoja na karatasi zenye vipimo, na zile zilizokwisha kukatwa nikakaa nazo mlangoni nikiwaeleza wenyewe mmoja mmoja. Wote walielewa. Mama mmoja alikwenda akarudi na sufuria la wali. Mke wangu hakuniuliza nguo zile zilikwenda wapi. Alipoanza kushona tena alikuta kikapu kitupu na daftari la madeni limeandikwa vizuri, akalisoma ukurasa kwa ukurasa, kisha usiku ule alinipasulia papai akalitoa mbegu zote, jambo analojua nalipenda na ambalo kwa kawaida kila mtu nyumbani kwetu hujifanyia mwenyewe. Nimeshapewa vyeti vya utumishi bora. Lile papai nalikumbuka zaidi.

Mgao wa umeme wa mwaka 2023 nao ulitufundisha kitu. Miaka ya nyuma, magoti yalipoanza kumsumbua, tulifunga mota kwenye ile Singer, na mkanda wa kukanyagia ukawekwa dirishani. Mgao ulipokolea ukielekea mwisho wa mwaka, ndio ulikuwa wakati wa sare kuanza, na kazi hiyo haisubiri. Akaurudisha mkanda kwenye gurudumu la chini akaanza kukanyaga usiku. Tulikuwa na taa moja ya sola. Upande wake wa meza kuna kitambaa, upande wangu madaftari ya kusahihisha. Akifika kwenye kona au kwenye kola anahitaji mwanga, naisogeza taa kwake, nasubiri na kalamu yangu. Akiingia kwenye mshono ulionyooka, mkono wake unajua njia, anaisogeza taa kwangu bila mimi kuomba. Ilikwenda na kurudi hivyo mpaka saa nne au saa tano usiku, pengine bila mmoja wetu kusema neno. Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere, kule Rufiji mkoa wetu unakopakana na Pwani, ulianza kuzalisha, mgao ukapungua, mota ikarudi kazini. Magoti yake yalishukuru, nami nilishukuru. Lakini sikurudi na madaftari yangu kule sebuleni nilikozoea kusahihishia. Nimebaki kwenye meza ya cherehani mpaka leo.

Kuna mambo ambayo yeye ndiye aliyenifanyia kimya, na nisipoyasema nitakuwa nimeeleza nusu.

Nilipoambiwa nina kisukari nilirudi kutoka kliniki nikiwa na makaratasi na ushauri mwingi: punguza wanga, acha sukari kwenye chai, fanya mazoezi. Nilimsomea. Akasema, "Haya," akaenda jikoni. Sikusikia hotuba, wala kunionea huruma, wala kuitwa mgonjwa. Ila nyumba ilianza kubadilika. Sembe iliondoka ikaja dona. Tonge likawa dogo na matembele yakajaa sahani, mlenda ukaanza kupikwa mara kwa mara, na kila mtu mezani alikula hivyo hivyo, si mimi peke yangu. Zikawa chupa mbili za chai. Ile yenye maua ni ya wageni, ina sukari. Ile ya kijani haina. Mgeni akija, mke wangu hunimiminia mimi kwanza kutoka ile ya kijani, kisha anaanza kuhudumia wengine kutoka ile ya maua, na mpaka leo kuna jamaa zangu wanaokunywa chai kwetu kila wiki na hawajui kama naumwa. Nilikuwa sitaki wajue. Sikuwahi kumwambia kwamba sitaki.

Na mazoezi. Mimi si mtu wa kukimbia barabarani na raba. Baada ya chakula cha usiku akaanza kusema, "Baba Rehema, nisindikize mara moja nimwone mama fulani." Huyo mama fulani anakaa mbali. Kesho yake ni mama mwingine, upande mwingine wa Kihonda, mbali vile vile. Tukifika, salamu zenyewe ni za dakika chache mlangoni, tunageuka. Ilichukua muda nikaelewa kwamba safari zote zile zinalingana urefu. Sijamwambia kwamba nimeelewa. Naye anajua kwamba nimeelewa, kwa sababu siku hizi hata jina la huyo mama hatangulizi, anajifunga mtandio tu anasimama mlangoni, nami natafuta kandambili zangu. Sukari yangu inapimwa, inakaa vizuri, na muuguzi hunisifu mimi.

Macho yake yalipoanza kuchoka tulimnunulia miwani. Kwa cherehani inatosha. Shida ikabaki kwenye sindano ya mkono, ile ya vifungo na ya kushikizia pindo: tundu lake dogo, uzi unapita pembeni mara moja, mara mbili, analamba uzi, anajaribu tena, na uso wake hauonyeshi kitu. Nilimtazama jioni kadhaa. Kisha nikaanza kuamka, nikishaswali alfajiri, wakati yeye anachemsha maji, naketi mezani kwake natunga uzi kwenye sindano za kumtosha kutwa nzima. Nyeupe za mashati, bluu za sketi, moja ya kaki kwa ajili ya wanafunzi wa sekondari. Nakata ncha ya uzi kwa ulalo, napima urefu wa mkono asije akahangaika na mafundo, nazichoma kwenye sponji kwa mpangilio wa rangi. Halafu naenda zangu kazini.

Siku ya kwanza hakusema kitu. Jioni niliporudi nilizikuta sindano zote zimekwisha uzi, zimechomwa upande wa sponji unaoelekea kiti changu. Asubuhi nikazitunga tena. Hiyo ndiyo namna tulivyokubaliana, na sijui kama kuna mkataba mwingine tulioufunga kwa urahisi hivyo.

Mwalimu kijana tunayefundisha naye aliniuliza, baada ya kuoa, amnunulie mkewe nini ili ajue anathaminiwa. Nilimwambia akae kwanza wiki nzima atazame ni kazi gani ndogo inayomchosha mkewe kila siku, kazi ambayo mkewe mwenyewe hailalamikii, na aichukue bila kutangaza. Alionekana kama amekosa jibu. Alirudi baadaye akaniambia ni kupandisha maji ghorofani. Wanakaa chumba cha juu na bomba liko chini. Sasa ndoo hujaa kabla mkewe hajaamka. Zawadi hununuliwa na yeyote mwenye fedha. Kuijua ile ndoo kunahitaji mtu anayekaa na wewe na ambaye macho yake yako kwako.

Hata hivyo siamini kwamba kimya kinatosha kila mahali. Kuna siku kimya kinakuwa dhuluma, na siku hiyo mume lazima afungue mdomo.

Ilikuwa kikao cha familia cha kupanga sendofu ya Rehema. Walikuja ndugu zangu kutoka Kondoa na wajomba kutoka Mgeta, sebule ikajaa, wanawake wakawa uani na masufuria. Baba mdogo wangu, ambaye namheshimu sana, alifungua kwa kunisifu. Akasema Mwalimu amejitahidi, kwa mshahara huu wa serikali amejenga, amesomesha, sasa anaoza. Watu wakaitikia. Dirisha la uani lilikuwa wazi. Nilijua mke wangu anasikia.

Nikasimama. Nikasema, "Baba mdogo, nakuomba radhi, naomba niongeze neno kwenye maneno yako." Nikaeleza kwamba mshahara wangu ulilisha nyumba, ulilipa maji na umeme, na mwezi ulikuwa haufiki mwisho. Nikaeleza kwamba matofali ya nyumba ile yalinunuliwa kwa fedha za sare za Januari, miaka mitatu mfululizo. Mabati yalitoka kwenye kikoba cha kina mama, walipovunja mwisho wa mwaka akaja na fungu lake limefungwa kwenye pembe ya kanga. Fedha ya chuo ya Rehema ambayo mkopo haukuifikia ilikuwa nguo za Idi. Nikasema, "Nyumba mliyokaa imeinuliwa na sindano. Mimi niliishikia ngazi." Mjomba mkubwa wa Mgeta akapiga goti lake kwa kiganja akasema, "Sasa tumekisikia kikao." Baba mdogo hakukasirika. Aliniomba nirudie ile ya mabati, akacheka kwa furaha, akaagiza mke wangu aitwe aje aketi ndani. Alikuja na mikono yenye unga, akaketi karibu na mlango, na kikao kikaendelea naye akiwa ndani yake.

Usiku wageni walipolala aliniuliza, "Kwani risiti ya mabati bado unayo?" Nikamwambia ipo, pamoja na za matofali, zote zimeandikwa jina lake. Akanyamaza kidogo, akasema, "Niliona ulivyokuwa unamwambia yule muuza duka aandike jina langu. Nikasema huyu ana maana yake."

Kumbe naye hutazama. Siku hizi ndilo ninalolifikiria zaidi. Nilidhani mimi ndiye ninayemtazama bila yeye kujua, naye miaka yote alikuwa ameniona dukani, ameniona na daftari la madeni, ameniona nikisimamia kengele siku niliyoona zile tepe, kwa sababu mtoto mmoja alimsimulia kwamba mwalimu alisahau kupiga kengele akawa anatazama sketi.

Nitaje na kanga, kwa kuwa niliigusa mwanzo. Kinyozi hajinyoi. Mama Rehema huwapindia kanga mtaa mzima, lakini doti zangu za sikukuu zilikuwa zinakaa kabatini bila kukatwa wala kupindwa, kwa sababu za watu zinatangulia. Mwaka jana nilinunua doti yenye jina "Wema hauozi", nikaipeleka kwanza kwa fundi mwingine sokoni, ikakatwa na kupindwa, nikamletea ikiwa tayari kuvaliwa. Aliigeuza, akautazama mshono kwa karibu, akapitisha kidole kwenye pindo kutoka pembe hadi pembe. "Amejitahidi," akasema. Akajifunga pale pale, juu ya nguo aliyokuwa amevaa, akarudi kwenye cherehani. Ameivaa mpaka sasa inaanza kulainika, na sehemu moja ambapo yule fundi alikuwa ameruka mshono ameishona upya kwa mkono, kwa uzi niliomtungia mimi.

Baada ya kustaafu nitakuwa nyumbani asubuhi, kitu ambacho hatujawahi kukizoea. Nimemwomba anifundishe kazi. Aliniuliza kama nasema kweli, nikamwambia kweli. Tumekubaliana nitaanza na vifungo, na kwenda kununua kitambaa cha sare mwezi wa kumi kabla bei haijapanda, kwa kuwa wakati huo yeye huwa hawezi kuondoka mezani. Kukata bado. Mkasi hatanipa mpaka mwakani, na hata hapo nitaanza na mabaki, maana kitambaa cha watu si cha kujifunzia. Rehema anatuahidi cherehani ya pili, yenye mota yake. Nimeipima meza kwa futi kamba ya mama yake, na cherehani mbili zinaenea.